Peke Yangu

Alfayo anafanya kazi katika nyumba ya wazee hapa Birmingham, na kanisani kwetu alijulikana kama mtu wa kupanga viti. Hakuna aliyemdharau waziwazi. Lakini Kimani alipokuja na gari jipya, sote tulitoka uani kuliombea, kama ilivyo desturi yetu, na hakuna aliyekumbuka kumwita Alfayo. Alibaki ndani na viti vyake.

Baadaye akajiunga na chama cha watu wanaonunua gari likiwa vipande ndani ya makasha, wakaliunganisha wenyewe. Walikutana kila Jumamosi katika gereji ya mwenzao Lakhbir, kule Northfield, kuunda la Alfayo. Lakhbir alishughulikia injini. Denise, dereva wa basi mstaafu, alifunga nyaya zote. Alfayo alipiga msasa, akapaka rangi nyekundu, akafunga viti, maana viti anavijua. Siku ya kwanza kulijaribu, mvua iliwakuta barabarani na gari halina paa. Walirudi wamelowa chapachapa, wanacheka mpaka mbavu zinauma. Binti yake Alfayo, Rita, anasema hajawahi kumwona baba yake na furaha ya namna ile.

Basi ikafika zamu ya gari lake kuombewa, akawaalika wenzake wa chama. Denise akataka afundishwe la kusema kwa Kiswahili, na Rita akamfundisha: "Tumeliunda pamoja." Alilirudia kutwa pale gerejini, ulimi ukimgomea, na Alfayo mwenyewe ndiye aliyekuwa akimsahihisha.

Jumapili hiyo tulilizunguka gari uani. Kimani, ambaye mdomo wake haujui kutulia, akauliza, "Bwana Alfayo, hii umeunda wewe kweli, ama kuna fundi amekuundia?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

"Nimeliunda peke yangu," Alfayo akasema. "Kwa mikono hii miwili."

Tulipiga makofi kweli kweli. Alidhani Kiswahili kitamficha. Kumbe Rita alikuwa amesimama kati ya wageni akiwatafsiria kila neno, na ni baba mwenyewe aliyemwambia asubuhi afanye hivyo, kisha akasahau. Nilimwona mtoto akisita, kisha akatafsiri. Lakhbir akainamia viatu vyake.

Mchungaji akamwita Denise asalimie. Alisogea mbele, akamtazama Alfayo, akasema, "Asante," akarudi alikotoka. Sisi tulidhani ni haya ya mgeni. Alfayo alijua sivyo. Mchungaji akaiombea ile mikono miwili, maombi marefu, na mwenye mikono hakujua aiweke wapi.

Wageni waliaga kwa adabu, wakaenda zao bila kungoja chakula. Tulipomaliza kula, Alfayo akaanza kukusanya viti, nami nikamsaidia. Rita alikuwa akifuta meza.

"Denise alisahau ile sentensi, eh?" Alfayo akamuuliza, bila kumtazama.

Rita husikia Kiswahili vizuri, lakini siku zote hujibu kwa Kiingereza. Mara hii alijibu kwa Kiswahili, polepole, akihakikisha kila neno limefika.

"Hakusahau, Baba. Alisema hataki kukuaibisha mbele ya watu wako."