Gari la Baba Lilikovuja

Watu wa mtaani kwangu wakiniona nimeegemea lile gari jekundu hunisalimia, kisha huharakisha kupita, maana wanajua nitawaanza kwa hadithi yake. Kwa hiyo nakuanza wewe. Mimi ndiye niliyegundua gari la baba linavujia wapi, oili na maji, na najisifu kwa hilo bila haya. Kazi yangu ni cherehani, nashona sare za shule na magauni pale Lushoto mjini. Lakini baba alikuwa dereva na fundi wa magari ya misitu huko juu Magamba, na mimi nilikulia pembeni ya miguu yake, namshikia tochi na spana wakati kaka yangu yuko mpirani.

Gari lenyewe ni la spoti, la milango miwili, limekaa chini chini, la zamani kuliko ndoa yangu. Baba aliachiwa na bosi wake wa kigeni alipomaliza mkataba. Watu walimcheka, wakamuuliza gari la kukimbizia barabara za mjini atalipeleka wapi kwenye kona zetu hizi. Alilipeleka kila mahali: Soni, Kwai, hata Vuga kwenye mazishi. Kisha macho yakaanza kumwisha, akaniachia usukani. Hata hivyo kila asubuhi akitoka kuswali alikuwa analizunguka akilipapasa kwa viganja, boneti, taa, milango, ndipo anywe chai.

Likaanza kuchemsha. Ukipanda nalo kutoka Mombo, mshale wa joto unaelekea pabaya kabla hujafika Soni, unasimama kwenye chemchemi ya kando ya barabara, unajaza maji, unasonga. Magari mengi ya kwetu huishi hivyo, maji ya mlimani yako kila kona na ni ya bure, kwa hiyo hatuulizi yanakwenda wapi. Juu ya hapo likavuja oili. Kila lilipoegeshwa palibaki doa jeusi, na harufu ya kuungua ilitufuata njia nzima.

Fundi wa mjini, rafiki yetu wa siku nyingi, akaingia chini, akatoka na jibu: oili inatoka nyuma ya injini, sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia oili, imekufa, injini lazima ishuke. Maji naye hakuyaona yanakovujia, akahisi injini imepasuka ndani. Kaka yangu anaishi Korogwe, akasikia, akaja na maneno yake. Alisema gari likishashushwa injini halirudi barabarani, litaota majani, basi ni heri lichukuliwe na mtu wa vyuma chakavu anayemfahamu. Nikampa vidonge vyake. Akaniambia, "Sawa, dada. Likipanda kutoka Mombo mpaka Lushoto bila kusimama na bila kudondosha, mimi sisemi tena. Likishindwa, linakatwa." Baba alikuwa amekaa barazani, anasikia yote. Kesho yake hakutoka kwenda kulipapasa gari, na hapo moyo uliniuma kwelikweli. Niliona wanataka kumkata yeye.

Nikaanza na oili. Nililiosha gari injini kwa maji ya sabuni, nikiyamimina juu kabisa, upande wa mbele, karibu na pale unapotilia oili. Nikainama kuangalia chini. Yale maji yalikuwa yameteremka ubavuni mwa injini, yakaenda kudondokea nyuma, palepale penye doa jeusi. Nikamwita baba. Nikamshika mkono nikauingiza chini, nikamuuliza maji yanatoka wapi.

"Nyuma," akasema.

"Mimi nimeyamwaga mbele, baba. Juu kabisa."

Akaanza kucheka polepole. Sisi watu wa milimani hatuna pa kuegesha palipo sawa. Gari husimama pua ikitazama juu, jiwe nyuma ya gurudumu, nyumbani hivyo, gereji hivyo hivyo. Kitu chochote kikivuja mbele kinatembea kwenda kudondokea nyuma, na sisi tunalaumu nyuma. Baba aliniambia nilitafutie gari mahali palipolala.

Mahali palipolala ni uwanja wa mpira wa shule ya msingi, hakuna pengine. Nikamwomba mwalimu mkuu, akaniruhusu Jumamosi. Nilikausha injini kwa vitambaa, nikaipaka unga wa muhogo kila upande mpaka ikawa nyeupe, nikaiwasha, nikaiacha ingurume. Waliopita walisimama kushangaa. Mama mmoja aliniuliza kama napika. Nikamwambia ndiyo, karibu, kinaiva sasa hivi. Na kweli kiliiva: unga ukaanza kulowa juu, chini ya kile kifuniko cha juu ya injini ambacho mafundi wanakiita tapeti kava, ukashuka mstari mweusi ubavuni. Kule nyuma unga ulibaki mkavu kabisa. Sili ilikuwa nzima. Kilichokufa ni gasketi, utepe wa kuzibia ukingo wa kifuniko, kitu ambacho hakihitaji kushusha hata betri.

Gasketi ya gari lile haipatikani Lushoto, na Tanga waliniambia nisubiri. Kusubiri nini? Nilinunua karatasi ya koki, ile laini kama kizibo cha chupa, nikakandamiza gazeti kwenye ukingo wa kifuniko mpaka alama ikatokea, nikakata kwa mkasi kama ninavyokata kola. Nimekata kola maisha yangu yote. Fundi alipoiona aliipeleka kwenye mwanga, akaigeuzageuza, akaniambia nimkatie na ya pikipiki yake.

Maji ndiyo yalinisumbua. Rejeta haina tone, mipira mikavu, oili safi, kwa hiyo injini haijapasuka. Yanakwenda wapi? Nikakoroga bluu ya kufulia nguo nikaitia kwenye rejeta, nikaazimia kutafuta popote patakapotokea rangi. Ijumaa nikampeleka baba msikitini. Kulikuwa na baridi, naye anapenda hita, hakuna gari jingine mtaani kwetu lenye hita kama ile. Kapeti ya miguuni pake ilikuwa imelowa, lakini hiyo ni kawaida, huku mvua na ukungu vinaingia kila mahali na hakuna anayeshangaa kapeti mbichi.

Aliporudi nyumbani mama alimtazama kuanzia chini kwenda juu. Pindo la kanzu yake nyeupe lilikuwa bluu, soksi bluu, na mwenyewe haoni, kapita hivyo mbele ya waumini wote. Mama alinigeukia, nikajua nimekwisha. Lakini mimi nilikuwa nacheka mpaka machozi, nikakimbilia garini nikabandua kapeti. Chini ilikuwa bluu tupu. Siku zote tulizokuwa tunasema ni mvua, ilikuwa hita, inayopashwa na maji ya injini, inavuja miguuni mwa mzee. Yale maji ya chemchemi yalikuwa yameitia kutu ikatoboka.

Hita nyingine sikuwa nayo. Niliiondoa kwenye mzunguko, nikaunganisha mipira yake miwili kwa kipande cha bomba, nikamwaga yale maji, nikatia kulanti, maji ya dawa yasiyoleta kutu. Nilimweleza baba kwamba joto sasa basi. Akasema ana koti.

Siku ya siku tukashuka Mombo. Baba alikaa mbele na koti lake, kaka akajikunja kwenye kile kiti cha nyuma, magoti yakiwa kidevuni, na yule mtu wa vyuma chakavu akatufuata na pikapu. Nilipiga moyo konde nikaanza kupanda. Kona hadi kona mshale ulikaa katikati. Kwenye chemchemi tulipita, magari mawili yamesimama pale boneti juu, na mimi nikapiga honi, ndiyo, kwa majivuno. Soni tukaipita. Lushoto nikasimama, nikafungua boneti, nikapitisha kipande cha kitambaa cheupe chini ya injini nikampa kaka. Alikitazama pande zote mbili, hakikuwa na doa, akakitia mfukoni. Alitimiza ahadi yake, hakusema.

Aliyesema ni yule mwenzake. Alilizunguka gari mara mbili, macho yameanza kumtoka, akamfuata baba dirishani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, sasa mimi silitaki la kukata. Nalitaka hivi hivi, zima, linatembea. Tuzungumze."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nimelitengeneza mwenyewe mpaka limekuwa la kuuzika. Nilishika mlango kwa nguvu, nikimsubiri baba.

"Mwanangu," baba akamwambia, "mimi ni abiria tu. Mwenye gari ni huyo aliyekuja ameshika usukani. Muulize yeye."

Yule mtu akanigeukia. Nilitaka kumjibu kwa sauti ya ukali, kwamba haliuzwi, lakini neno hilo lilitoka kwa sauti ya kilio, na sikujali nani ananitazama.