Kipimo cha Mtoto Aliye Hai

Mpaka leo nikimsikia mtu akisema, "Huyu bado mtoto, atalala popote," damu hunichemka. Maneno hayo niliyasikia sana Ngamiani, katika chumba tulichopanga, na hakuna hata mmoja wa walioyasema aliyewahi kulala hapo popote.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Baba alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mdogo wangu alipozaliwa, nafasi yangu ubavuni mwa mama ikachukuliwa, nami nikashushwa kwenye mkeka. Masika ilipoanza, ubaridi wa sakafu ya udongo ukapenya mkeka ukaniingia mbavuni, nikawa nakohoa. Bibi, mama yake baba, akaja kutoka Pangani kumwona mtoto mchanga. Aliposikia kikohozi changu akasema chumba hakitutoshi, bora anichukue nikakae kwake.

Huruma, ungedhani. Lakini bibi alikuwa akipika mafuta ya nazi ya kuuza, na msichana aliyekuwa akimkunia nazi alikuwa ameolewa. Alitafuta mikono, si mjukuu. Mimi ndio kwanza nilikuwa nimeanza shule, na kwake nisingeiona shule tena, wala mama. Baba naye, alipokuja mwisho wa mwezi, hakuthubutu kumpinga mama yake. Alisema tu, "Kitanda chake kikienea humu, abaki. Kisipoenea, aende." Yaani maisha yangu yote yakatundikwa juu ya kitanda ambacho hata hakijachongwa!

Mama akaanza kutafuta. Chumba chenyewe kilikuwa kimemezwa na samadari yake ya harusi, kitanda kikubwa cha miguu mirefu. Tukaazima kwa jirani kitanda cha kamba, kile cha teremka-tukaze. Kikaingia, lakini mlango ukagoma kufunguka, tukabaki ndani tunapiga kelele. Tukajaribu cha turubai cha kukunja. Kilienea vizuri, ila mchana mmoja kilijikunja nami nikiwa ndani. Mama akawaza kitanda kifupi cha kusukumwa chini ya samadari. Bibi akacheka.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Sasa huyu atainama mpaka lini?"

Basi akaitwa fundi seremala. Akashauri kitanda chembamba cha sanduku, kikae baina ya samadari na mlango, nguo zetu zitiwe ndani yake. Wazo zuri kabisa. Akatoa kamba akaniambia, "Lala hapo mkekani, mwanangu, nikupime."

Bibi akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Astaghfirullahi! Fundi, unanichuria mjukuu wangu? Mtu hupimwa amelala akishakufa, apate kuchimbiwa kaburi. Pima chumba!"

Na fundi, mtu mzima mwenye ndevu zake, akaogopa. Angeweza kunipima hata nimesimama, lakini uchuro ulikuwa umeshamwingia kichwani. Akapima pengo lililobaki mpaka pale mlango unapozunguka, akakunja kamba yake, akaenda zake.

Kitanda kikaja. Kikaenea barabara, mlango ukafunguka kwa raha zake. Ni mimi tu ambaye sikuenea. Nilikuwa mrefu kama watu wa kwa mama, na ubao wa mwisho ulinigota nyayo. Nikalala magoti kifuani, na kila mama alipouliza nimelalaje, nilimjibu vizuri, maana hukumu ya baba niliijua. Asubuhi nilikwenda shule nikichechemea, nasema nimejikwaa. Watu husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi nilikuwa naomba Mungu nisikue.

Bibi alikuwa amekwenda zake Pangani, na baada ya Idi akaja tena.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu lala kitandani nikuone."

Nikalala, magoti juu. Bibi akagonganisha viganja. "Si nilisema? Mtoto hatoshei! Mfungie nguo zake, kesho asubuhi tunapanda basi la Pangani."

Yeye! Yeye aliyekataza nisipimwe, ndiye sasa wa kusema sitoshei! Nilitaka kupiga ukelele, lakini mtoto wa siku zile hakumjibu bibi yake.

Tangu nizaliwe nilikuwa sijamsikia mama akimwambia mkwewe neno lolote ila "ndiyo, mama". Alitoka akaenda uani, akafungua kamba ya kuanikia nguo, akarudi nayo.

"Shuka mkekani, mwanangu. Nyooka."

Nikanyooka. Mama akasema bismillahi, akanipima toka utosini hadi kisiginoni, huku bibi amejifunika uso kwa kanga anasoma dua. Mama alipofika kisiginoni hakusimama. Akaongeza dhiraa nzima, kiwiko mpaka ncha ya kidole.

"Na hii ya kukulia," akasema, akafunga fundo.

Alasiri ile ile fundi aliitwa tena, akaja na msumeno wake. Akaitazama kamba, akautazama mlango, akasema urefu huo hauwezekani, mlango utazuilika.

"Basi ung'oe," mama akamwambia. "Na mbao zake uungie kitanda. Ya mwenye nyumba tutayajua baadaye."

Asubuhi bibi alikuja kutoka kwa jamaa alikolala, akasimama kwenye kizingiti, mkoba mkononi, mbele ya kanga iliyotundikwa kuwa pazia. Akaifunua kwa hasira.

"Chumba gani hiki hakina mlango?"

"Mlango wa kumtolea mwanangu haupo tena, mama," mama akasema kwa adabu yake ile ile. "Ameulalia."

Na kweli nilikuwa nimeulalia, miguu nimeinyoosha yote, na mbele ya vidole vyangu dhiraa nzima ilikuwa imebaki.