Waifai ya Pudensiana

Pudensiana Nyanzala ana mgahawa kando ya barabara pale Sitalike. Aliwahi kuibiwa televisheni, kwa hiyo aliponunua kifaa cha waifai kwa ajili ya wateja, alikifungia chumbani kwake ndani ya kabati la chuma. Wateja wakalalamika kwamba haishiki. Akamwita fundi kutoka Mpanda, jina lake Telesphor.

Telesphor alifungua kabati, akatazama.

“Mama, hiki kinaongea na simu kwa mawimbi, kama redio. Kwenye tofali yanapita kwa shida. Kwenye chuma yanagonga na kurudi.”

“Kwa hiyo nimeyafunga jela?”

“Umeyafunga, mama.”

Akakitoa, akakiweka dirishani. Barazani, wanapokaa wateja, bado ilishika kidogo tu, maana katikati kuna kuta mbili. Ilishika vizuri uani, chini ya dirisha lile.

“Tukihamishie barazani,” alishauri fundi.

“Mwizi wangu hajakamatwa,” alijibu Pudensiana.

Akahamishia meza zote uani. Siku hizi akijilaza mchana, anasikia kila wanachosema wateja kuhusu wali wake. Chumvi ameshapunguza.