Dagaa kwenye bakuli la bibi

Leo nimempa bibi wa watu dhambi kwenye bakuli.

Ni bibi ninayemhudumia hapa ugenini Kenmore, Mhindu wa kisiwa cha Mauritius. Juzi nilimpikia kuku, jana kuku, akasukuma sahani tu, hasemi kwa nini. Nikajua anaumwa.

Nikakumbuka aliwahi kunisimulia kuwa kwao Wahindu, Waislamu na Wakristo wote wanakula mchuzi wa majani ya maboga.

Hiyo si ndiyo mboga yangu!

Nikamenya nyuzi za majani kama mama alivyonifundisha kwenye kambi ya wakimbizi, nikatia na dagaa. Sisi Warundi, mboga bila dagaa ni mboga hiyo?

Bibi akamaliza bakuli.

Ndipo binti yake akaingia, akafunua sufuria.

"Mama yuko kwenye mfungo, hali nyama wala samaki. Umempa samaki?"

Kwangu dagaa ni kiungo, kama chumvi!

Bibi akanishika mkono, akamwambia binti yake: "Harufu niliisikia kabla hajapakua. Mungu nitaongea naye mwenyewe. Huyu usimfukuze."

Binti kachukua simu, kaingia chumbani, kafunga mlango.

Mimi niko jikoni naandika haya, na bibi ananyoosha bakuli, anataka tena.

Jamani, nimwongeze?