Simenti Ndani ya Goti la Rasilaben

Goti jipya la bandia la Rasilaben lilikuwa na miezi minne tu lilipoanza kuwaka moto. Alikuwa amelisifia kwa kila jirani pale mjini Bhavnagar, India, na ngazi za hekalu alikuwa akizipanda bila kushika ukuta. Asubuhi moja aliamka akalikuta limevimba, jekundu, na kovu linatoa majimaji. Siku tatu alilipaka manjano kwa siri. Siku ya nne mumewe, Popatbhai, mwashi mstaafu, akaona doa kwenye sari.

"Mama Ketan, ukuta ukivuja hivi, shida iko ndani. Kupaka rangi nje ni kujidanganya."

Daktari Falguni, aliyemwekea goti lile, alimchoma sindano, akavuta maji ya gotini na kuyapeleka maabara. Majibu yalipotoka aliwaita wote wawili.

"Bakteria wameota kwenye chuma," alisema. "Wamejifunika utando, dawa peke yake haiwafikii. Itabidi nilitoe goti, nisafishe, halafu nijaze simenti iliyochanganywa na antibiotiki. Itakaa miezi miwili hivi. Vipimo vikiwa safi, nitakuwekea goti jingine."

Rasilaben alikuwa karibu kulia. Lakini aliposikia simenti alimgeukia mumewe, na mumewe alikuwa ameshasogeza kiti mbele.

"Daktari, unachanganya kwa kipimo gani?"

"Baba, hii si ya kujengea nyumba."

"Najua, mwanangu. Nauliza tu. Haipasuki? Unaimwagilia maji?"

Kicheko kilimpanda Rasilaben kutoka tumboni, akajiziba kwa upindo wa sari, wapi. Daktari naye akavua miwani, akafuta macho.

Simenti ikawekwa. Wiki sita dawa iliingia kwa mshipa, asubuhi na jioni, na Rasilaben akajifunza kujikokota na fremu ya kutembelea. Wanawake waliokuja kumjulia hali aliwaonya wasimguse, simenti haijakauka. Lakini alasiri moja homa ilimpanda, dawa ikamtapisha, na utani wote ukamwishia.

"Baba Ketan," alisema kwa sauti ndogo, "ikishindikana, watakata mguu?"

Popatbhai aliushika unyayo wa mkewe, akauinua kama anayepima uzito.

"Wakikata nitakubeba. Nimebeba mifuko ya kilo hamsini miaka arobaini. Wewe umezidi kidogo tu."

Rasilaben akamrushia mto, ukampata sikioni. Muuguzi alipoingia aliwakuta wanacheka kama watoto waliovunja chungu, akapima homa na kukuta imeanza kushuka.

Katika mwezi wa tatu tangu simenti iwekwe, vipimo vilikuwa safi, na maji ya gotini hayakuotesha bakteria wowote maabara. Daktari Falguni akatoa simenti, akaweka goti la pili. Likapona vizuri, kovu likakauka.

Januari ikaja, siku ya kushindana kurusha vishada na kukatana nyuzi angani, mji mzima uko juu ya mapaa. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amemruhusu Rasilaben ngazi tano. Alipanda kumi na tisa. Akasimama juu akihema, akampokonya mumewe uzi wa kishada, na kabla chai haijapoa alikuwa amekata kishada cha jirani na kumtania mpaka jirani akajificha nyuma ya tangi la maji.

"Sasa, malkia," Popatbhai akasema, "umefikiria kushuka?"

Hakuwa amefikiria. Basi chakula kikapandishwa juu, mboga mchanganyiko na jalebi zilizolowa shira, wakashinda huko. Jua lilipoinama Rasilaben alishuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, mguu mpya umenyooshwa mbele kama bibi harusi anayeonyesha hina. Popatbhai alitangulia kinyumenyume, mikono wazi. Watu wa mapaa ya jirani wakapiga makofi kila ngazi, naye akawa anawapungia, akicheka mpaka kwikwi ikamshika, ikabidi apumzike kwenye ngazi ya saba.