Habari Tuliyodhani Ameambiwa

Juma lililopita niliarifiwa kwamba amefariki mwanamke mmoja wa Ijumbi, kiziwi tangu kuzaliwa, ambaye wasomaji wa Bukoba waliopata kuingia kiwanda cha kukoboa kahawa huenda walimwona bila kumjua. Aliugua kifua kwa muda mfupi, akazikwa kwao, katika kibanja cha baba yake, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba. Sikuwa rafiki yake wa karibu. Tulizaliwa kijiji kimoja, kisha tukafanya kazi mahali pamoja, yeye akichagua kahawa bandani, mimi nikiwa karani, kabla sijaanza kuandika magazetini. Lakini liko jambo lililopita kati yetu ambalo sijapata kulisimulia, na sasa naona ni haki nilieleze.

Alipokuwa na umri wa miaka kama tisa, ndui iliingia Ijumbi. Mama yake alishikwa, akachukuliwa kwa machela hadi kambi ya wagonjwa karibu na mji wa Bukoba, akafia huko. Kwa kuogopa maambukizo, maiti haikurudishwa, alizikwa hukohuko. Wakati huo mtoto alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake. Aliporudi hakumkuta mama, na baada ya misimu miwili akamkuta mwanamke mwingine jikoni. Kijiji kizima kilijua jinsi alivyomkataa mama huyo wa kambo. Chakula chake hakukigusa. Alijichomea ndizi zake nyuma ya nyumba, na hakuacha hata alipokuwa mtu mzima. Wazee walisema ndio ukaidi wa viziwi. Nyumbani walizungumza naye kwa kuonyesha tu: njoo, lete maji, acha, lala. Lugha ya namna hiyo yatosha kumtuma mtu kazi, haitoshi kumpa habari.

Alikaribia miaka thelathini alipokuja Bukoba kwa miguu, peke yake, bila kumuaga mtu. Akapata kazi bandani. Mle ndani mashine zilinguruma kiasi kwamba wanawake walipigiana kelele masikioni na bado hawakusikilizana. Mwisho wa meza, hata hivyo, walikaa viziwi wawili waliozungumza kwa mikono tangu asubuhi hadi kengele ya kutoka, bila shida yoyote. Nilikuwapo siku alipowaona. Alisimama na ungo wake wa kahawa, macho kwenye mikono yao, hata msimamizi akamgusa bega mara mbili. Jumapili ile wakamchukua hadi mtaa wa Hamugembe, kwa fundi cherehani mmoja Mwislamu, kiziwi kama wao, ambaye barazani kwake walikutana watu saba au wanane. Hakuna shule iliyowafundisha. Walikuwa wameunganisha ishara za nyumba hii na za nyumba ile, mwaka baada ya mwaka, mpaka zikawa lugha. Mke wa fundi alisikia, naye aliijua vizuri. Hapo mgeni wetu alianza kujifunza kama mtoto: majina ya watu kwanza, halafu jana na kesho, halafu kwa nini. Mwaka ulipokwisha alikuwa mtu wa maneno mengi, mbishi, mpenda mzaha.

Jioni moja nilikwenda kwa fundi kuchukua suruali yangu. Nilimkuta pale. Aliponiona aliinuka, akamvuta mke wa fundi mkono, akaanza kusema kwa haraka.

“Karani, anasema wewe ni wa kwao,” mama yule aliniambia.

“Ndiyo, ni wa kwetu Ijumbi.”

“Anauliza, mama yake anakaa nyumba ipi hapa mjini? Ana kovu hapa kidevuni. Anasema amemtafuta sokoni, kanisani, hata gatini meli zikifika. Hajamwona.”

Nilidhani mama yule hakufasiri sawasawa. “Mama yake alikufa zamani, kwa ndui,” nikasema. “Hakuambiwa?”

Mke wa fundi alinitazama. “Unaniuliza mimi, mwanangu?”

Hakufasiri. Alimgeukia mumewe, naye fundi akaweka mkasi chini, akamkalisha kiziwi mwenzake, akamweleza mwenyewe, polepole. Mwanamke yule alikataa kwa kichwa. Kwao wafu huzikwa kibanjani, na kaburi la mama yake halikuwamo kibanjani, alikuwa amelitafuta. Kwa hiyo mama yu hai, baba alimfukuza, akaoa mwingine. Hivyo ndivyo alivyoamini kwa miaka ishirini. Fundi akamweleza habari ya ndui na ya kambi. Alipoelewa hakulia mbele yangu. Alinielekezea kidole, akauliza neno moja.

“Anasema, ulijua?” mke wa fundi akafasiri.

Nilijibu kwamba nilijua.

Jumapili iliyofuata viziwi wote wa baraza ile walimsindikiza hadi makaburi ya kambi. Kaburi lenyewe halikujulikana, wakasimama wote kwenye nyasi, na huko ndiko alikolia. Baada ya mavuno aliomba ruhusa, akaenda Ijumbi na kanga mpya kwa ajili ya mama wa kambo. Nimeambiwa na waliokuwapo kwamba alimvika mabegani, akaketi jikoni, akapakuliwa, akala. Mama yule alishindwa kula, alimtazama tu mpaka sahani ikawa tupu.

Siku hizi tunazungumza sana juu ya maendeleo ya nchi hii, shule na vyama vya wakulima, nami naunga mkono yote. Lakini nimejiuliza mara nyingi ni nani aliyemficha mtoto yule kifo cha mama yake, na sijampata. Baba alidhani shangazi amemweleza. Shangazi alidhani mtoto ameelewa alipoona watu wanalia. Sisi wengine tulidhani mambo ya nyumba ile hayatuhusu, tukamwita mkaidi. Hakuna aliyekuwa mbaya kati yetu. Tulimwona kila siku, na hakuna hata mmoja aliyejitaabisha kujifunza namna ya kumuuliza anajua nini. Walioweza kumwambia ni watu wa mbali, wasio wa ukoo wake wala wa dini yake, kwa sababu tu walikuwa na lugha naye. Basi msomaji, kama nyumbani kwako yumo mtu wa namna hii, usitosheke kwa kuwa anakutii unapomwonyesha maji. Mtafutie wenzake, kisha nenda nawe ukajifunze kwao.