Habari Niliyoipeleka Stesheni

Mjukuu wangu, iko asubuhi moja ambayo nikiikumbuka hata leo, miguu yangu hii mibovu hutaka kukanyaga pedeli. Sogea karibu nikusimulie. Moyo wako ukianza kwenda mbio, uache uende. Wangu siku ile ulitaka kutoka kifuani.

Vilikuwa vita vya Kagera. Mimi Mbuke nilikuwa msichana niliyemaliza shule juzi tu, nakaa na wazazi kijijini kwetu kando ya reli, kusini mwa Shinyanga mjini. Kaka yangu Masanja alikuwa amekwenda vitani na kuniachia baiskeli yake nyeusi, pamoja na onyo kwamba nisithubutu kuipakia mkaa. Treni za askari zilipita kwetu zikielekea Mwanza, nasi tulikuwa tukikimbilia relini kuwapungia mikono na kuwarushia matobolwa, vile viazi vyetu vya kukaushwa. Ah, tulivyokuwa tukiimba!

Lakini vita, mwanangu, huwatia watu wazimu hata walio mbali na risasi. Redio ilituambia tuwe macho, nasi tukawa macho kupita kiasi. Mgeni akiuliza njia, keshakuwa mpelelezi wa adui.

Basi mvua ikanyesha usiku kucha. Kulipokucha nikasikia mwano, ule ukelele wetu sisi Wasukuma wa kuita watu kwenye hatari. "Reli imevunjwa! Reli imevunjwa!" Nikadandia baiskeli nikafuata. Penye kalavati, kile kidaraja cha kupitisha maji chini ya reli, karibu na lambo la kunyweshea ng'ombe, nikaona kwa macho yangu mawili: udongo haupo. Reli imebaki inaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo, na chini yake shimo ambalo ng'ombe angezama na pembe zake.

Kando ya shimo hilo watu walikuwa wamemzingira mwanamume mmoja, amefungwa mikono. Walimkuta akitembea kandokando ya reli na gunia, na ndani ya gunia mna mtaimbo na nyundo. Midomo yake ilikuwa inavuja damu.

"Mimi ni mchimbaji wa dhahabu!" alikuwa akilia. "Naitwa Deusi, natoka Nyarugusu. Mke wangu amelazwa hospitali ya Kolandoto!"

Maskini, alikuwa Mzinza wa kando ya ziwa, na lafudhi yake ngeni kwetu ndiyo iliyommaliza. "Msikieni anavyosema!" mtu mmoja akapiga kelele. "Huyo katoka ng'ambo ya mpaka!" Penye wengi pana mengi, na siku ile mengi yote yalikuwa mabaya. Wengine wameshika mawe tayari. Shija, kamanda wetu wa mgambo, kijana mwema kabisa siku nyingine, alikuwa ameinua rungu.

"Nionyesheni reli kabla hamjaua mtu."

Tukageuka. Alikuwa Baba Zuhura, Mwarabu mwenye duka pale kijijini, mzee sana, kanzu imelowa matope hadi magotini. Nikushangaze: siku zile sukari ilikuwa imeadimika, sabuni imeadimika, na wenye maduka walitazamwa kwa jicho baya, kwamba wanaficha bidhaa. Mtu kama yeye alipaswa kujifungia ndani. Yeye akaja, akapita katikati ya mawe yale, akashuka shimoni huku ameshikilia reli.

Akapapasa kila kitu, polepole. Kisha akasema, "Bolti hizi zina kutu ya zamani. Hakuna aliyezigusa. Nyasi zote zimelala upande mmoja, ule maji yalikokwenda. Aliyefanya kazi hii ni mvua."

"Wewe muuza chumvi," Shija akafoka, "utajuaje reli inavyovunjwa?"

Mzee akafuta matope ya mikononi kwa kanzu.

"Kwa sababu nimezivunja," akasema.

Mwanangu, hata ng'ombe nadhani waliacha kunywa maji! Akatusimulia pale pale, mguu mmoja shimoni. Alikuwa kijana kwao Hijazi, Uarabuni, Mturuki anatawala, na reli ya Mturuki inakwenda mpaka Madina. Waarabu wa jangwani waliasi, wakawa wanaishambulia. Yeye alichunga ngamia karibu na reli, na kazi yake ilikuwa kuwapelekea habari: daraja gani halina mlinzi, walinzi wanalala wapi, treni imebeba nini. Baruti ikipasua reli, alisema, chuma hujikunja. Mtu akifungua bolti, huacha alama zinazong'aa. Hapa hamna hiki wala kile.

"Siku moja sokoni niliambiwa treni ijayo imejaa askari," akaendelea, na sauti ikamshuka. "Sikwenda kuitazama. Nilipeleka kama nilivyosikia. Wenzangu wakatega baruti. Baada ya mshindo nilikuwa wa kwanza kufika." Akamtazama Shija usoni. "Walikuwa kina mama na watoto, wanahamishwa. Askari hawakuwamo. Nimeikimbia habari ile mpaka nikafika hapa kwenu, na bado imenifuata. Sasa wewe niambie: huyu bwana, nani amemwona akivunja? Si nani amesikia. Nani ameona?"

Jiwe moja likaanguka matopeni, kisha jingine. Rungu la Shija likashuka lenyewe.

Hapo ndipo mzee akauliza swali ambalo sisi sote, kwa hasira zetu, tulikuwa tumelisahau: "Na treni ya askari?"

Kina mama walikuwa tayari wamekuja na vikapu vya matobolwa. Treni ilikuwa inakuja asubuhi ile ile, kutoka upande wa Isaka, imejaa vijana kama kaka yangu!

Nikarukia baiskeli. Baba Zuhura akaushika usukani.

"Mbuke, unakwenda kusema nini?"

"Nitasema maadui wamevunja reli!"

"Hapana, binti yangu. Ukisema maadui, stesheni masta atatafuta bunduki kwanza, na treni itapita. Umeona nini?"

"Udongo haupo chini ya reli. Inaning'inia. Pale kalavatini, karibu na lambo."

"Basi sema hilo tu. Ulichosikia kiache hapa. Unachodhani kimeze. Haya, nenda!"

Nikaenda! Njia ya kandokando ya reli ilikuwa tope tupu. Nilianguka, nikainuka, viatu nikaviacha huko huko. Kanga yangu ikanasa kwenye mnyororo. Nikaivuta ikachanika, kipande nikakitia shingoni, nikaendelea na gauni. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, sijui kwa nini, na midomoni narudia maneno yale yale kama sala: udongo haupo, reli inaning'inia, kalavatini, karibu na lambo. Nilipoliona paa la stesheni, nikasikia honi. Treni!

Stesheni masta alikuwa nje, bendera ya kijani mkononi. Nikaitupa baiskeli.

"Baba, udongo haupo chini ya reli! Inaning'inia, kwenye kalavati la karibu na lambo!"

"Nani kakwambia?"

"Sikuambiwa. Nimeona!"

Hakuniuliza neno jingine. Alikimbilia ndani, akatoka na bendera nyekundu, akaruka katikati ya reli akiipepea kwa mikono miwili, nami nyuma yake napunga kipande cha kanga. Injini ikapiga honi ndefu. Breki zikalia hadi meno yakaniuma. Cheche zikaruka chini ya magurudumu. Ikaja, ikaja, ikapunguza mwendo, ikasimama, moshi wake wa moto unanipuliza usoni.

Vichwa vya vijana vikachomoza madirishani. "Dada, kuna nini?" mmoja akaniuliza.

"Maji yamekula reli," nikasema, kisha nikaketi chini.

Waliposikia habari kamili walishuka wakaninyanyua juu juu, wakaimba! Nilipakia baiskeli yangu kwenye kiberenge cha mafundi wa reli, tukarudi kalavatini, wakaziba shimo, na jioni treni ikavuka ikienda mwendo wa kinyonga. Kina mama wakarusha vikapu vizima.

Deusi tulimkuta amefunguliwa, anakunywa uji. Shija mwenyewe alimbeba nyuma ya baiskeli yake, kwenye keria, mpaka Kolandoto, na gunia la vyuma vyake. Mke alipona. Walipita kwetu baadaye kusalimu, na Shija hakuweza kumtazama yule mama machoni.

Sikufichi, si wote waliompongeza Baba Zuhura. Wapo waliomwita muuaji, wakawa wananunua chumvi mbali. Hakujitetea. Alijua atayalipia maneno yake akifungua kinywa, na alikifungua.

Mwanangu, nimekwambia haya kwa sababu ya ujumbe ulionitumia kwenye simu, kwamba kuna mtu anaonekana machimboni anaiba watoto, na picha yake hiyo hapo. Nilikuuliza, "Umemwona akiiba?" Ukasema, "Nimetumiwa, Bibi." Watu husema lisemwalo lipo. Mimi nakwambia, mengi yasemwayo hayapo, na hayo ndiyo yanayoua. Katika nchi yetu hii vikongwe wameitwa wachawi wakauawa kwa sababu ya macho mekundu na neno la jirani.

Basi ukibeba habari, jiulize kwanza: hii nimeiona, nimeisikia, au naidhani? Uliyoiona, ikiwa inaokoa, ipeleke mbio, hata kanga ichanike, usingoje mkubwa. Uliyoisikia, nenda katazame. Unayoidhani, imeze. Ujumbe ukishatoka ni maji yaliyomwagika, hayazoleki. Na ukiona watu wamemzingira mtu, usiwe jiwe la ziada. Uwe anayeuliza, "Nani ameona?"

Mungu akupe macho mazima, na miguu ya kuyatii. Akupe ulimi mzito kwa uvumi na mwepesi kwa kweli. Popote utakapokuwa mgeni, uwe na gunia mkononi au huna, akutangulizie mtu mmoja wa kukuulizia swali lile. Amina, mwanangu.